JE, MAJI YALIYOMWAGIKA HUZOLEKA?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka huu nimejifunza kwamba ndani ya tarakilishi maji hayo huzoleka, lakini kwa masharti makali. Nitakueleza masharti yenyewe ili yaliyonipata yasikupate.

Nyumbani kwetu hapa Eldoret tuna kisanduku kilichounganishwa na ruta. Ndani yake mna diski mbili, na kila mmoja wetu huhifadhi vitu vyake humo kupitia mtandao wa nyumba. Humo ndimo mama alimoweka sauti ya marehemu babu: rekodi 14 za hadithi na vitendawili. Jumamosi moja nilikuwa natafuta nafasi ya filamu. Nikaona folda yenye tarehe tu badala ya jina. Nikadhani ni takataka, nikaifuta, kisha nikaweka filamu mbili. Jioni mama akataka kumsikiliza babu. Moyo ulinidunda kama ngoma!

Nilikimbilia pipa la taka la tarakilishi. Wapi! Lilikuwa tupu. Kumbe faili likifutwa kupitia mtandao halipitii pipa hilo. Kisanduku chenyewe huweza kuwa na pipa lake, lakini sharti liwashwe mapema, na letu halikuwa limewashwa. Nikajipa moyo kwamba diski ya pili ina nakala. Ole wangu! Diski hizo ni kama mtu na kivuli chake. Ukifuta huku, kule nako hufutika papo hapo. Diski ya pili hukuokoa ya kwanza ikiharibika, bali haikuokoi na mkono wako mwenyewe.

Nikaungama kwa mama, naye akampigia simu mjomba, ambaye ni fundi wa tarakilishi. Akauliza, "Mmeweka kitu chochote humo tangu zifutwe?" Nikamweleza habari za filamu. Akaguna. "Kizimeni kabisa, msikiguse."

Kwa nini? Hebu fikiria maktaba ya shule. Kadi ya kitabu ikichanwa, kitabu chenyewe bado kiko rafuni. Ni vile tu hakuna anayejua kilipo. Ukifuta faili, kinachoondolewa kwanza ni kadi, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi. Sauti hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo sababu filamu zangu zilikuwa hatari. Lakini usijidanganye: diski za SSD, zile zisizozunguka, mara nyingi hujifagia zenyewe baada ya kufuta, na hapo matumaini huwa haba.

Mjomba alifanya mambo matatu. Kwanza, alitoa diski moja akaiunganisha na tarakilishi nyingine. Pili, alinakili diski nzima, kazi iliyochukua usiku kucha, ili asiiguse tena ile ya asili. Tatu, aliipitisha nakala hiyo katika PhotoRec, programu ya bure iliyoundwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hii haitafuti kadi. Husoma diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Yaliyopatikana yaliwekwa kwenye diski ya tatu.

Tulipata rekodi 9 nzima na 2 zilizokatika katikati. Zilizobaki 3 zilimezwa na filamu zangu. Majina yote yalikuwa yamepotea, kwa hivyo mama alikaa akisikiliza moja baada ya nyingine, akiyaandika upya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Hata wakubwa hupatwa. Mwaka 1998, sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2 ilifutwa kimakosa katika kampuni ya Pixar huko Marekani, na nakala za akiba hazikufaa. Iliyowaokoa ni nakala ya mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, iliyokuwa nyumbani kwake.

Basi, msomaji, shika haya: ukifuta kimakosa, acha kila kitu na uzime. Washa pipa la kisanduku leo, si kesho. Na weka nakala mahali pengine kabisa. Yetu sasa iko kwa nyanya, Iten. Zile hadithi 3 zilizopotea, mama anazikumbuka kidogo kidogo. Jumapili hukaa naye, nikamrekodi.