Mikono ya Mama Ikilegea, Tusiseme ni Uvivu

Tukitembelea vikundi vya Molo, Njoro na Subukia, tumesikia maneno haya: "Huyu mama siku hizi ni mvivu. Mtungi wa lita 20 anautua kila hatua kumi." Mama mwenyewe hunyamaza, akisema moyoni kuwa ni uzee tu. Tuelezane basi.

Nguvu ya mkono hupimwa kwa kifaa kidogo unachokifinya, nacho huonyesha kilo. Hesabu zilizotolewa Uingereza mwaka 2014 zilionyesha kuwa mwanamke wa kawaida hufikia kama kilo 31 akiwa na miaka thelathini na kitu. Kati ya miaka 50 na 65 huwa na kama kilo 25 hadi 29. Kwa hivyo kupungua kidogo si ugonjwa. Lakini mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya walisema mwanamke akiwa chini ya kilo 16, huenda misuli yake imedhoofika. Hizo ni hesabu za huko. Kwetu ziwe mwongozo tu.

Mkono hutoa habari za mwili mzima. Uchunguzi wa nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa watu wenye mikono dhaifu walikufa mapema zaidi.

Hamna kifaa? Keti kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama na kuketi mara tano bila kujishikilia. Ukipita sekunde 15, nenda ukaonwe kwenye zahanati.

Nenda pia vidole vikifa ganzi usiku au viungo vikivimba. Mkono mmoja ukilegea ghafla, au mdomo ukipinda, hiyo yaweza kuwa kiharusi: usingoje kesho, kimbia hospitali.

Nyumbani tufanye nini? Simama na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni. Kamua taulo lenye maji, pumzika, rudia. Lakini misuli haijengwi kwa chai na ugali mtupu. Inataka maharagwe, ndengu, omena, maziwa na mayai. Hapa ndipo penye shida: mama anakama ng'ombe, maziwa yote yanaenda sokoni, anafuga kuku, yai anapewa mtoto au mzee.

Mkutano ujao, kila mmoja aseme: wiki hii, mama wa nyumba alikula mayai mangapi? Na yule aliyeitwa mvivu, apewe kiti kwanza, apimwe.