Ulikula nini wiki jana?

NILIPOKUWA nikinunua maharage Ngarama na kuyapeleka Mbarara, nilijifunza mapema kwamba mtu wa kambini haulizwi anapata shilingi ngapi. Atakujibu "hakuna kitu", wala hasemi uongo. Leo kauza debe la mahindi, kesho analima kibarua kwa mwenyeji, keshokutwa kakopa chumvi dukani. Utajumlishaje? Lakini muulize juzi walipika nini, atakutajia mpaka kijiko cha mafuta alichoomba kwa jirani.

Swali hilo la jikoni ndilo lililompa kazi ya maisha mchumi Angus Deaton, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1945 na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1983. Hakuridhika na hesabu za jumla za serikali. Alizama katika takwimu za kaya: wamenunua nini, wamekula nini, na kile walicholima wenyewe kina thamani gani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Mimi kilichonishika ni habari ya India, ambayo Deaton aliichambua kwa miaka. Kule watu walizoea kuulizwa matumizi ya siku 30. Katika miaka ya 1990 likafanyika jaribio la kuuliza chakula cha siku 7. Matumizi yaliyotajwa yakapanda, na hesabu ya maskini ikashuka kwa karibu nusu. Hakuna aliyeongezewa hata kibaba cha mchele!

Sasa lilete jambo hilo Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Ninyi mliorudi kwenu baada ya 1994 mnaikumbuka siku ya mgao. Mahindi yalishuka bei, maana kila mmoja aliuza kidogo apate sabuni na pesa ya kusagisha. Sisi wachuuzi (nakiri) tuliingoja siku hiyo. Ukiuliza wiki ile, kila jiko lina moshi. Rudi wiki ya nne, utaandika mengine kabisa.

Uchunguzi wa mwaka 2018 wa Benki ya Dunia na idara ya takwimu ya Uganda ulikuta asilimia 46 ya wakimbizi nchini ni maskini, wenyeji asilimia 17. Kisha Julai 2023 Mpango wa Chakula Duniani ukaanza kuwagawa wakimbizi makundi matatu: walio dhaifu zaidi asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati 30, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea wasipate kitu. Hapo hesabu ya wasomi ikaingia ndani ya sufuria.

Mama mmoja wa Juru, mteja wangu wa zamani, alinipigia simu: "Baba, akija mtu wa karatasi, nimwambie kwamba nimevuna maharage?"

Nikamwambia, mwambie, mama. Na umwambie yatakwisha lini.