Baba ana mkataba, mwana ana shahada

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na masharti ya jumla ambayo waombaji wengi huyaruka. Macho hukimbilia sifa za mwombaji, ngazi ya mshahara na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Humo kwenye masharti kuna mawili ya kusoma kwa utulivu. Moja limekuwa likimtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Jingine humkataza aliyestaafu utumishi wa umma kuomba, labda awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Mlango huo wa kibali ndio vijana wanaounyooshea kidole. Utawasikia kwenye vijiwe vya bodaboda pale Ng'ong'ona, chini ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwenye mabanda ya chai ya Mtumba: wazee hawatoki. Mtu anaagwa kwa keki na picha ya pamoja, baada ya muda mnamkuta ofisi ileile, safari hii kwa mkataba. Nao wazee wana lao. Vijana wa siku hizi, wanasema, hata dokezo la ukurasa mmoja hawawezi kuliandika likaeleweka.

Dodoma ndipo mahali pa kuusikia ugomvi huu, kwa sababu hapa pande zote mbili zimerundikana. Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, wizara zimejipanga Mtumba, na sensa ya 2022 ilikuta jiji lina watu 765,179. Sekretarieti yenyewe iko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye jengo lenye jina la Dkt. Asha-Rose Migiro. Kwa hiyo kijana wa Manyoni au Kondoa anayeitwa kwenye usaili hufika kwa basi la alfajiri au hulala kwa shangazi Nkuhungu, asubuhi anapanda kilimani na bahasha ya vyeti, kisha anarudi nyumbani kusubiri mkeka, yaani orodha ya walioitwa kazini. Mkeka ukitoka bila jina lake, anaambiwa yumo kwenye kanzidata ya waliofaulu wakakosa nafasi. Kanzidata hailipi kodi ya chumba.

Wanaogombea ni wengi kiasi gani? Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita vijana zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70, na picha ile ilishtua nchi. Leo ingepita bila kelele. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027, yaani watu kama 85 kwa kila kiti. Mwezi Januari mwaka huohuo walimu 201,707 walikuwa wameomba nafasi 14,648. Baadhi yao walihitimu tangu 2015, na ndio waliojikusanya katika umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, wakihoji kwa nini wafanyiwe usaili baada ya kusubiri muda wote huo. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Mhitimu wa 2015 anakaribia kutoka kwenye ujana, au keshatoka, kabla ya kupokea mshahara wa kwanza.

Ukiitazama foleni hiyo kisha ukawatazama wastaafu wenye mikataba, mizani haikai sawa. Wangeondoka wote kesho asubuhi, siamini foleni ya laki mbili ingepungua kwa kiasi cha mtu kuona. Wengine wamewahi kujaribu. Ufaransa, chini ya Rais François Mitterrand, ilishusha umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 60 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mojawapo ya matumaini ilikuwa kuwapisha vijana. Ukosefu wa ajira kwa vijana haukuondoka. Wachumi Jonathan Gruber na David Wise walikusanya mwaka 2010 takwimu za nchi kadhaa tajiri, wasione ushahidi kwamba wazee wakiacha kazi vijana huzipata.

Hata hivyo kijana wa Dodoma ana jibu ambalo Mfaransa hana. Uchumi wa soko unaweza kuzaa kazi mpya. Ofisi ya umma ina ikama, ikama ina idadi, na idadi hiyo ina bajeti ya mishahara. Mkuu wa kitengo asipotoka, wa chini yake hapandi, na wa chini kabisa haajiriwi. Hapo vijana wana haki ya kunung'unika, na sioni sababu ya kuwaambia wasubiri zamu yao.

Swali ni kwa nini wakubwa wa ofisi hukimbilia kuomba kibali. Sehemu ya jibu ni ya zamani. Miaka ya 1990, chini ya masharti ya wafadhili, Serikali ilipunguza makumi ya maelfu ya watumishi na kufunga ajira mpya kwa kada nyingi. Kizazi ambacho kingeingia wakati ule ndicho ambacho leo kingekuwa kinashika vitengo. Walimu walioajiriwa kwa wingi baada ya Azimio la Musoma la 1974, ili kila mtoto aende shule, walifikisha miaka 60 karibu kwa mkupuo. Kisha Aprili 2017, hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, katika kipindi ambacho ajira mpya zilikuwa zimesimamishwa kupisha uhakiki. Ukiondoa watu bila kuingiza wengine, mwishoni unabaki na mzee mmoja anayejua faili liko wapi.

Vyuo vikuu ndivyo vilivyobanwa zaidi. Mwaka 2018 sheria iliwasogezea maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa umri wa kustaafu kwa lazima hadi 65, wengine wakibaki na 60. Mhadhiri msaidizi anaweza kulalamika kwamba profesa amemkalia njia, lakini huyohuyo profesa ndiye atakayesimamia uzamivu wake. Bila yeye hapandi kabisa. Huko juu zaidi hesabu inakuwa ya siasa: Jaji Mkuu Ibrahim Juma alipotimiza miaka 65 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alimwongezea muda, mawakili wakabishana kuhusu Katiba, naye akaendelea hadi 2025, nafasi yake ilipochukuliwa na George Masaju.

Ushindani ninaouona wa kweli hauko Mtumba. Uko kwenye shule binafsi zilizoota Kisasa, Ilazo na Nzuguni. Mwenye shule akiwekewa mezani maombi ya mwalimu mstaafu na ya mhitimu, ana sababu za kumchukua mstaafu. Ana pensheni, kwa hiyo hatabishana sana juu ya mshahara. Ana bima ya afya ya mstaafu. Mtaala anaujua. Zaidi ya yote, hataondoka katikati ya muhula kwa sababu mkeka umetoka. Kijana naye anajua hawezi kuahidi hilo, na akiahidi anadanganya. Hapo hakuna kibali wala Katibu Mkuu Kiongozi, na hakuna tangazo la Sekretarieti litakalomsaidia. Anabaki kujitolea kwenye shule ya kata, akilipwa kwa michango ya wazazi.

Na mstaafu, kwa nini hapumziki? Muulize, atakutajia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mtumishi aliyekuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PSPF au LAPF alifanya kazi akijua atapata asilimia 50 ya mafao yake kwa mkupuo. Mifuko ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, ikaja kanuni ya asilimia 25. Wafanyakazi wakapiga kelele, na tarehe 28 Desemba mwaka huo Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja ya asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikaipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wa 50. Watetezi wa kanuni mpya husema kilichopungua kwenye mkupuo kinarudi kwenye pensheni ya kila mwezi, na ni kweli. Lakini fundi halipwi kwa pensheni ya kila mwezi. Mtu alipanga kupaua nyumba Nzuguni na kupangisha vyumba viwili, mkupuo ukafika, nyumba ikaishia kwenye lenta.

Ndani ya nyumba anayoishi sasa kuna mtu mzima mwingine anayekula hapo: mwanawe, shahada ya ualimu, mwaka wa sita nyumbani. Nauli ya kwenda kwenye usaili ni ya baba. Bando la kufungulia mfumo wa maombi ni la baba. Fedha zenyewe zimetoka kwenye mkataba ambao kijana, akiwa kijiweni, anaulaani. Baba akirudi nyumbani kesho kwa ajili ya haki ya kizazi, kijana hatapata kiti kile, na nauli ataikosa. Hili halitajwi kwenye mabishano, labda kwa kuwa linaaibisha pande zote mbili.

Njia za kando zimefunguliwa. Machi 2023 ulizinduliwa hapa Dodoma mpango wa kilimo wa BBT, na vijana wa awamu ya kwanza, 812, wakapelekwa mafunzoni wakitarajia vitalu kwenye mashamba makubwa kama Chinangali, wilayani Chamwino. Ni jambo jema, ila mwalimu wa fizikia hakusomea zabibu.

Kinachoweza kubadilishwa bila sheria mpya ni kibali chenyewe. Leo ofisi inayokiomba inatakiwa kujenga hoja kwamba mzee ana ujuzi adimu. Iulizwe pia ujuzi huo atamwachia nani: jina la mtumishi kijana, cheo chake na tarehe ya makabidhiano, viandikwe kwenye barua hiyohiyo. Mkataba ukiisha na ofisi ikarudi kuomba mwingine, Katibu Mkuu Kiongozi aanze kwa kumwita huyo kijana na kumuuliza amefundishwa nini.