Minara 758, na bei ya kuishi chini yake

Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407. Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilichukua minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ruzuku ya Serikali ni Sh bilioni 126. Waliolengwa kufikiwa ni watu milioni 8.5, yaani karibu 14 katika kila Watanzania 100, kwa Sensa ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120.

Bilioni 126 hazishikiki kichwani mpaka zigawanywe. Kwa kila mnara ni Sh milioni 166. Kwa kila kijiji ni Sh milioni 89 na nusu. Kwa kila mtu ni Sh 14,800, na hii ya mwisho ndiyo ya kuishika, kwa kuwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kumfikishia mtu wa kijijini mawimbi ya simu kunaigharimu Serikali pungufu ya elfu kumi na tano, tena mara moja tu.

Kwa nini nafuu kiasi hicho? Kwa sababu Serikali hailipi mnara wote. Kampuni inayotaka kujenga kijijini inapiga hesabu zake: nguzo, mitambo, umeme wa jua au jenereta pale ambapo gridi haijafika, kiungo cha kupeleka mawimbi hadi kwenye mkongo wa mawasiliano, ulinzi, na gari la fundi wakati wa masika. Kisha inaangalia mapato. Mjini, wateja walio chini ya mnara mmoja wanaulipa wenyewe. Kijijini wametawanyika, na vocha zao ni za mia tano. Biashara haitoki, na pengo lililobaki ndilo ruzuku inaloziba. UCSAF hutangaza kata kwa zabuni, na kampuni zinashindana kwa kuomba ruzuku ndogo. Sehemu ya fedha za Mfuko hutoka kwenye tozo ya mapato ya kampuni zenyewe, na mradi huu umebebwa pia na Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2021. Huu ni utaratibu mzuri, na nadhani unastahili kusifiwa zaidi ya sherehe za kukata utepe.

Tatizo liko kwenye neno "kufikiwa". Takwimu ya milioni 8.5 inahesabu watu wanaoishi mahali ambapo mawimbi yatashika. Haituambii ni wangapi kati yao watafungua intaneti. GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, unatenganisha mambo haya mawili, na kwa Afrika kusini mwa Sahara hesabu yake ya mwaka 2023 ni hii: katika kila watu 100, 27 wanatumia intaneti ya simu, 13 wanaishi mahali ambapo haishiki, na 60 wanaishi inaposhika lakini hawaitumii. Kwa kila mmoja anayesubiri mnara, wako zaidi ya wanne ambao mnara umeshawafikia na hali yao haijabadilika.

Cha kwanza kinachowazuia ni simu. Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za kipindi cha mikataba hiyo, simu janja zilikuwa kama theluthi moja tu ya idadi ya watu. Wengine wana kitochi, kinachopiga, kutuma ujumbe na kuhamisha fedha, basi. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba simu janja ya bei ya chini ni Sh 100,000. Ile ruzuku ya mnara kwa mtu mmoja ni kama moja ya saba ya simu hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama ya kumwingiza mwanakijiji mtandaoni anaibeba mwanakijiji mwenyewe, kabla hata hajanunua MB moja. Mwaka 2021 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye simu janja, kisha mwaka 2022 ikairudisha kwa maelezo kwamba msamaha haukumfikia mlaji. Sababu hiyo ina uzito, maana bei dukani hushuka kwa shida. Lakini baada ya kodi kurudi, mlaji alibaki na asilimia 18 yake.

Cha pili ni bando, na hapa ndipo hesabu inapouma. Mwaka 2021 TCRA iliweka bei elekezi ya kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Aprili 2 mwaka huo vifurushi vipya vilipoanza, watu wengi waliona MB zimepungua badala ya kuongezeka. Malalamiko yakawa makubwa hata vikasitishwa siku hiyohiyo. Tuache kelele za siku ile, tuchukue bei ya chini kabisa katika wigo huo. GB moja yenye MB 1,024 inakuja Sh 2,079. Kwa bei ya juu ni Sh 9,574.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti yenye kasi ilijiwekea lengo kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kwa wastani wa taifa, lengo hilo linafikika. Ila wastani unachanganya mfanyabiashara wa Kariakoo na mkulima wa Kakonko. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Asilimia 2 ya fedha hiyo ni Sh 986. Kwa ile bei ya chini kabisa, inanunua MB 485. Hiyo huenda isitoshe hata saa moja ya somo la video kwa ubora wa kawaida, na ndiyo iwe ya mwezi mzima.

Tena katika kila bando mna kodi. Mwaka 2023 ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ulikuwa asilimia 17, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukizidisha kwa viwango hivyo, huduma ya Sh 724 inafika kwa mteja ikiwa Sh 1,000; ile Sh 276 inakwenda Hazina. Sasa rudi kwenye ruzuku. Kaya ya wastani ina watu 4.3, kwa hiyo mnara umeigharimu Serikali kama Sh 63,700 kwa kaya. Kaya hiyo ikitumia Sh 5,000 kwa mwezi kwa maongezi na bando, Hazina inapata karibu Sh 1,380. Ndani ya miaka minne ruzuku yote imerudi, na mnara bado umesimama. Ni kweli kwamba si matumizi yote ni mapya, kwani wapo waliokuwa wakipanda kilima kutafuta mtandao na kodi yao ilikuwa ikilipwa vilevile. Hata ukikata hesabu hiyo nusu, ni miaka minane. Kwa mtazamo huu ruzuku ya mnara inafanana sana na mkopo, na anayeulipa ni mwanakijiji.

Je, Serikali iwanunulie watu bando? Tujaribu. GB moja kwa mwezi kwa watu milioni 8.5, kwa Sh 2,079, ni Sh bilioni 17.7 kila mwezi. Bilioni 126 zingeisha baada ya miezi saba. Marekani, yenye uwezo mkubwa kuliko wetu, ilijaribu njia hiyo kwa kuzipa kaya za kipato cha chini punguzo la hadi dola 30 kwa mwezi kutoka mfuko wa dola bilioni 14.2. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Mwaka 2024 fedha zikaisha, Bunge halikuongeza, na punguzo likakoma. Ruzuku ya matumizi haina mwisho, ndiyo maana serikali huikimbia na kupendelea kujenga.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inasahauliwa: kulipia kiungo cha pamoja badala ya bando la mtu mmoja mmoja. Chukua kila kimoja cha vijiji 1,407. Weka muunganisho mmoja usiohesabu MB katika shule, zahanati au ofisi ya kijiji, watu wauingie kwa Wi-Fi. Tukadirie Sh 300,000 kwa mwezi, kiasi ambacho nimekiweka juu makusudi ili kibebe umeme na fundi. Kwa mwaka ni Sh bilioni 5.1, sawa na asilimia 4 ya ruzuku ya minara. Kwa kijiji chenye wastani wa watu 6,000 kwa hesabu za mradi wenyewe, ni Sh 600 kwa mtu kwa mwaka. Mwalimu atapakua somo mara moja darasa zima walione, na mhudumu wa zahanati atatuma taarifa zake bila kutumia bando lake. Mwenye simu iliyopasuka kioo atafungua fomu ya mkopo wa elimu ya juu na kuijaza hadi mwisho, badala ya kumlipa mtu wa steshenari mjini.

Mikataba ya minara hii imeandikwa kwa lugha ya mawimbi: kata ipi, teknolojia ipi, tarehe ipi. Zabuni zijazo za UCSAF zinaweza kuongeza sharti moja, kwamba kila mnara unaopewa ruzuku uunganishe bure taasisi moja ya umma iliyo karibu nao kwa miaka mitano, na gharama hiyo iingie kwenye bei ya zabuni tangu mwanzo. Kwa makadirio yale ya Sh 300,000, ni Sh milioni 18 kwa mnara, juu ya 166.