Tarishi wa Habari Mfukoni mwa Askari

Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa luteni kijana katika kikosi kidogo kilichowekwa mbali na makao makuu, simu za wapiganaji wangu zililia karibu wakati mmoja. Ilikuwa picha ya lori la kijeshi linalowaka moto, na chini yake maneno machache: wenzetu waliokuwa njiani kuja kutupokea zamu wameteketea wote. Aliyeituma hakujulikana. Kila mtu aliipata kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine. Kabla ya saa mbili usiku askari wawili walikwisha kunijia kuomba ruhusa, na mke wa mmoja wao alikuwa akipiga simu na kulia tangu magharibi. Sajini wetu, mtu mzima aliyeona mengi, aliitazama ile picha kwa makini kisha akasema, "Afande, lori hili si letu. Hatujapata kuwa na lori la namna hii."

Alisema kweli. Lakini neno la sajini peke yake halikutosha kuwapa watu usingizi. Tulikesha, na kesho yake adhuhuri malori yakafika salama, waliomo wakiimba.

Nimeikumbuka jioni hiyo kwa sababu askari na polisi huniuliza mara kwa mara swali moja: mtu aliye lindoni, mwenye bando dogo la intaneti na muda mchache zaidi, atapataje habari za hakika pasipo kushinda akitazama simu? Jawabu langu huwashangaza, maana si chombo kipya. Ni chombo ambacho wengi wamekwisha kukisahau, nacho huitwa RSS.

Ndugu msomaji, katika ofisi nyingi za serikali palikuwa na tarishi. Huyu hakuandika barua, wala hakuifungua bahasha. Kazi yake ilikuwa kupita kila afisi iliyoagizwa, kuuliza kama pana kitu, kukichukua na kukiweka mezani kwa mwenyewe. RSS hufanya hivyo hivyo. Tovuti ya gazeti, redio au wizara huweka, kando ya kurasa zake, faili dogo liitwalo mlisho. Humo zimeorodheshwa habari zake za karibuni: kichwa cha habari, maelezo mafupi, tarehe na saa ya kutolewa, na kiungo cha kukufikisha kwenye habari kamili. Katika simu yako unaweka programu ya kusomea milisho, nawe unaipa anwani za milisho unayoitaka. Kila baada ya muda programu hiyo huzunguka na kuuliza, "Kuna jipya?" Kama hakuna, seva ya tovuti iliyopangwa vema hujibu kwa neno fupi tu, wala faili halipakuliwi tena. Kama lipo, huletwa na kupangwa kwa kufuata saa, jipya likiwa juu.

Historia yake imejaa mabishano. Mwezi wa Machi 1999 wahandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, Ramanathan Guha na Dan Libby, walitoa toleo la kwanza ili lilishe ukurasa wa kampuni hiyo. Kufikia Desemba 2000 mafundi walikuwa wamegawanyika kambi mbili, kila kambi na toleo lake, na hata zile herufi tatu zimepata kufafanuliwa kwa namna tatu. (Nimewaona askari wakibishana juu ya jina la bunduki huku bunduki yenyewe ikipiga vizuri tu.) Mwezi wa Septemba 2002 Dave Winer alitoa RSS 2.0, ambayo maana yake ni usambazaji rahisi kabisa, na mwaka 2003 haki za maelezo yake zikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Upo pia mlisho wa namna nyingine, Atom, uliothibitishwa mwaka 2005. Msomaji hana haja ya kuitofautisha. Programu nyingi husoma yote miwili. Hata vipindi vya sauti ambavyo vijana husikiliza kwa simu, yaani podikasti, husafiri kwa njia hiyo hiyo ya RSS.

Kisha likaja pigo. Google Reader, programu iliyoanzishwa mwaka 2005 na kupendwa na watu wengi, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Mwaka huo huo Twitter iliachana na milisho ya RSS, na Desemba 2018 kivinjari cha Firefox kikaondoa sehemu yake ya kuisomea. Watu wakadhani RSS imekufa. Kumbe waliokuwa wameondoka ni wasomaji. Magazeti na mashirika mengi yaliendelea kuyaandika yale mafaili kila siku.

Waliohama walikwenda kwenye mitandao ya kijamii, na hapo ndipo penye hatari kwa mtu mwenye silaha. Katika mitandao hiyo wewe huchagui utakachoona. Kompyuta za kampuni hukuchagulia, nazo hupendelea kile kitakachokushika macho kwa muda mrefu zaidi. Picha ya mwaka juzi huibuka leo kana kwamba ni ya leo, haina tarehe wala mwenyewe. Katika mlisho, kila habari huja na chanzo chake, na kwa kawaida na saa yake.

Je, milisho ingalituokoa jioni ile? Nisidai makubwa. Kama ningalikuwa na mlisho wa wizara, wa magazeti mawili na wa redio moja, na yote minne ikawa kimya, ningalipata la kuwaambia watu. Ukimya huo usingekuwa ushahidi kamili: ajali huweza kutokea saa kumi jioni na gazeti likaandika asubuhi. Hata hivyo ningalikuwa na zaidi ya macho ya sajini.

Jambo linalonivutia zaidi ni wepesi wake. Kikosini kwetu mtandao ulipatikana juu ya kilima tu, mwendo wa dakika ishirini. Maandishi hayali bando kama picha za video. Askari akipita kilimani hufungua programu, milisho ikashuka kwa muda mfupi, naye akasoma baadaye mahali pasipo na mtandao. Izime picha katika mipangilio. Baadhi ya tovuti hutoa mistari ya mwanzo tu ili uwatembelee. Kwa hao tafuta programu iwezayo kuleta habari nzima ungali na mtandao.

Anwani ya mlisho wakati mwingine huoneshwa kwa alama ya rangi ya chungwa, nukta moja na pinde mbili. Tovuti nyingi huificha. Zilizojengwa kwa WordPress, nazo ni nyingi, kwa kawaida hutoa mlisho ukiongeza /feed mwishoni mwa anwani. Kwa sisi tunaoitwa wakati wa mafuriko, upo mlisho wa GDACS, mfumo wa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Tume ya Ulaya ulioanza mwaka 2004, utoao tahadhari za matetemeko, vimbunga na mafuriko duniani.

Lakini tarishi hakagui barua. Ukimpa anwani ya mwongo, atakuletea uongo kwa adabu ile ile. Tena kuna siri ya kazi. Programu nyingine huhifadhi orodha ya milisho yako katika kompyuta za kampuni, na orodha hiyo husema mengi: askari aliyeanza ghafla kufuatilia habari za mji mmoja mdogo wa mpakani amekwisha kutangaza anakokwenda. Chagua programu inayoiweka orodha ndani ya simu, nayo iweze kuitoa kama faili la OPML, ili ukibadili simu usianze upya. Google Reader ilipofungwa, waliokuwa na faili hilo walihama pasipo taabu.

Tena usikusanye mingi. Mimi nilianza na milisho tisini, na baada ya juma moja nikakuta habari zaidi ya elfu mbili zikiningoja. Niliifuta yote nikabaki na sita.

Sajini wetu amekwisha kustaafu. Nilipomtembelea nilimwekea programu hiyo katika simu yake, naye akachagua milisho minne tu. Wa nne ni wa mpira, na huo ndio anaoufungua kwanza.