Jino Lililotibiwa Linapouma Tena: Tiba ya Mzizi Inaposhindwa

Dawa ya jino, wasemavyo wahenga, ni kung'oa. Usemi huu umekita katika fikra za wengi hivi kwamba mgonjwa aliyetibiwa mzizi wa jino, kisha likaanza kuuma upya, hurudi kwa daktari akiwa amekwisha kutoa hukumu: litoke. Wapo pia wanaovumilia kwa miezi huku wakimeza tembe za maumivu, kwa dhana kwamba jino lililokwisha kuuawa haliwezi kuugua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba makundi yote mawili hulikwepa swali la msingi, nalo ni: tiba ilishindwa kwa nini?

Ndani ya kila jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hushuka hadi ncha ya mzizi kupitia mifereji myembamba. Nyama hiyo inapooza, daktari huiondoa, huiosha mifereji kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali iyo hiyo iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo, kisha huijaza gutapecha, ambayo asili yake ni utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kusema kwamba jino limeuawa ni kupotosha. Kilichoondolewa ni nyama ya ndani tu. Mzizi ungali umeshikwa na nyuzi hai zinazouunganisha na mfupa wa taya, na nyuzi hizo huhisi. Ndiyo maana jino "lililokufa" laweza kumnyima mtu usingizi.

Ieleweke kwamba maumivu ya siku chache baada ya tiba ni jambo la kawaida. La kutiliwa shaka ni maumivu ya kutafuna yasiyokoma, uvimbe unaorudi, au kijipu cha ufizi kinachotoa usaha, kikafunga, kisha kikafumuka tena. Aghalabu hakuna dalili yoyote. Tatizo hugunduliwa kwenye picha ya eksirei inayoonyesha kivuli kwenye ncha ya mzizi. Hata hivyo, kivuli peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani mfupa hujijenga polepole, na madaktari huweza kulifuatilia jino hadi miaka minne kabla ya kukata kauli.

Kuhusu chanzo, sayansi ilikwisha kutoa mwanga. Mwaka wa 1965, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa panya. Panya wa kawaida waliotobolewa meno waliozwa nyama ya ndani na kufanya usaha. Wale waliolelewa katika mazingira yasiyo na vijidudu hawakupatwa na hayo, ingawa chakula kiliingia katika matundu yao. Mkosaji, basi, ni bakteria, na kushindwa kwa tiba aghalabu maana yake ni kwamba bakteria walibaki ndani au walipata njia ya kurudi.

Njia hizo ni kadha wa kadha. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini zaidi ya nusu ya magego hayo yana mfereji wa nne, mwembamba mno, ambao daktari asiyetumia hadubini huweza kuupita bila kuuona. Mfereji usiooshwa ni maficho. Kwingineko mifereji ilisafishwa vyema, ila mgonjwa hakurudi kuwekewa kifuniko cha kudumu, mate yakapenya kupitia kijazio cha muda. Kosa hili la pili ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa lilikuwa rahisi kuepukika. Tena upo ufa: mzizi ukipasuka kwa wima, hapo hakuna ufundi wa kuuokoa, na wahenga wanapata haki yao.

Pasipo ufa, hatua ya kwanza kwa kawaida ni kurudia tiba: kifuniko hufunguliwa, gutapecha ya zamani hutolewa, mifereji iliyosahaulika husakwa, kisha jino huzibwa upya. Ikiwa njia ya juu imezibwa na nguzo ya chuma iliyo hatari kuing'oa, daktari wa upasuaji huweza kupitia kwenye ufizi, akakata ncha ya mzizi na kuiziba kwa nyuma. Viuavijasumu pekee havitoshi, kwa kuwa ndani ya mfereji hamna tena damu ya kuvifikisha waliko bakteria. Uvimbe hupungua, kisha hurejea.

Hali moja haingoji miadi. Uvimbe ukienea chini ya taya au shingoni, ukaandamana na homa, ugumu wa kumeza au wa kupumua, mgonjwa apelekwe hospitalini saa iyo hiyo, iwe usiku au mchana, kwani uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Anayechagua kung'oa kwa sababu ya gharama hana haja ya kuona haya, mradi apige hesabu yote. Pengo likiachwa wazi, meno jirani huweza kuinama kulielekea, na kuliziba kwa daraja au jino la kupandikiza huweza kugharimu zaidi ya kurudia tiba. Kwa hiyo, kabla ya koleo kushikwa, ni haki ya mgonjwa kuomba aonyeshwe picha ya eksirei na kuelezwa kama mzizi una ufa, kama kuna mfereji ulioachwa, na kama jino lililosalia lina nguvu ya kubeba kifuniko kipya.