Kunukuliwa na Kunufaisha: Mchango wa Mtafiti Hupimwaje?

Mtafiti anapoomba kupandishwa cheo chuoni, au anapotafuta fedha za kuendeleza kazi yake, huulizwa mambo mawili: makala zake zimenukuliwa mara ngapi, na ameshirikiana na nani. Kwa mgonjwa wa homa aliyeteremka kutoka Msangeni, katika milima ya Upare, maswali hayo yaweza kuonekana kuwa ya wasomi peke yao. Sivyo. Majibu yake huchangia kuamua ni nani atakayefanya utafiti kesho, na maradhi ya nani yatakayochunguzwa.

Msingi wa hesabu hii ni mwepesi. Mwandishi anayetaja makala ya mwenzake hukiri kwamba ameitumia kazi hiyo. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa iliyoonyesha nani amemnukuu nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h. Mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, lakini hana 11 zilizofikia mara 11, ana h ya 10. Hata kama moja kati ya hizo imenukuliwa mara 3,000, h yake hubaki 10.

Kipimo hicho kina manufaa, kwa kuwa hakimpi mtu sifa kubwa kwa makala moja tu. Hata hivyo, humpendelea aliyekaa muda mrefu kazini, na humpendelea anayechunguza ugonjwa wenye watafiti wengi. Tena, kunukuliwa si kusifiwa. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilinukuliwa mara nyingi mno, mara nyingi na wale walioipinga, hadi jarida lilipoifuta mwaka 2010. Idadi peke yake haitofautishi dawa na sumu.

Upare wenyewe una mfano wa kutufundisha. Kati ya 1955 na 1959, katika mradi wa malaria wa Pare-Taveta, nyumba za tambarare zilipuliziwa dawa ya dieldrin chini ya usimamizi wa watafiti wa Amani. Mwaka 1960 Gillies na Smith walieleza jambo la ajabu: mbu aina ya Anopheles funestus, mwenezaji mkubwa wa malaria, alikuwa ametoweka, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na ndugu yake wa karibu, Anopheles rivulorum, ambaye hupendelea zaidi damu ya ng'ombe. Makala hiyo ingali inanukuliwa hata leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, kila wataalamu wanapojadili kinachotokea mbu mmoja anapoondolewa. Lakini hesabu ya manukuu haituambii kwamba upuliziaji ulipokoma malaria ilirejea polepole, wala haiwataji wenye nyumba waliofungua milango yao ili kuta zipuliziwe na mbu wakusanywe.

Mfano wa pili unagusa wodi zetu moja kwa moja. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliofanywa kwa ushirikiano wa watafiti wa hapa nchini na wa Uingereza. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa wakitibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa makini kwa hadubini, ni 2,062 tu, yaani asilimia 46.1, waliokutwa na vimelea. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea, asilimia 6.9 walifariki, miongoni mwa wasiokuwa navyo, asilimia 12.1. Maana yake ni nzito: jina la malaria lilikuwa likificha maradhi mengine yaliyoua zaidi. Makala hiyo imenukuliwa sana. Lakini faida yake kubwa huonekana pale mganga anapopima kabla ya kuandika dawa, na kipimo kikionyesha hakuna malaria, akaendelea kutafuta chanzo cha homa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Ushirikiano nao hauhesabiki kwa kutazama orodha ya majina tu. Ni nani aliyebuni swali? Ni nani anayeshika fedha na takwimu? Katika makala za tiba, jina la kwanza na la mwisho ndiyo yenye uzito. Mtanzania anayekaa katikati ya orodha kila mwaka hajapata ushirika kamili. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za wahariri wa majarida ya tiba, kukusanya takwimu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Hata hivyo, aliyezikusanya anastahili kupewa nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha makala. Muuguzi au mtaalamu wa maabara anayeombwa kusaidia utafiti na aulize jambo hilo mapema, kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa.

Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilizitaka taasisi ziache kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida, zitazame kazi yenyewe. Nasi tunaweza kuongeza maswali yetu. Je, matokeo yalirudishwa kwa waliotoa damu, kwa lugha wanayoielewa? Je, mwongozo wa tiba ulibadilika? Je, kijana wa hapa alisomeshwa akaweza kuongoza utafiti unaofuata? Mgonjwa aliyekubali kushiriki ana haki ya kuuliza swali la kwanza. Chuo kinachopandisha vyeo kina wajibu wa kuuliza yote matatu.